Krismasi isiyochafua mazingira: fanya hivi, hatua kwa hatua

Desemba ikishaingia tu utakuta madukani rafu nzima ya vitu vya kijani, mti "wa asili", mishumaa "ya asili", mifuko ya zawadi yenye picha ya jani, na mtu mwenye nia njema kabisa anatoka pale kapu limejaa akiamini ameiokoa dunia. Jamani hapana. Msimamo wangu ni kwamba kitu ambacho hakijanunuliwa ndo kinachafua kidogo kuliko vyote, kwa hiyo mwongozo huu karibu wote ni wa kupunguza, kuazima, kutumia tena na kupanga mapema, na ukiufuata hela nayo itabaki mfukoni. Sio lazima ufanye yote. Kama una nguvu ya mambo matatu tu basi shika chakula, zawadi na safari, manake huko ndo kwenye uzito, hayo ya karatasi na riboni ni madogo japo ndo yanaongelewa sana.

Hatua ya 1: Pekua nyumbani kwanza

Fanya hivi mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, sio tarehe 23 jioni, tarehe 23 mtu ananunua chochote kilichopo mbele ya macho. Shusha maboksi yote ya mapambo, fungua ile droo yenye mifuko ya zawadi ya zamani, toa mishumaa iliyobaki nusu, hesabu sahani, vikombe na vijiko, angalia kwenye friza kuna nini kimeganda na tangu lini. Chukua karatasi, upande mmoja andika "tunavyo", wa pili andika "tunahitaji", alafu huo wa pili uache ukae siku tatu nne kabla hujaenda popote. Ukiurudia utakuta vitu vingine wala hukumbuki uliviandika kwa nini.

Hapo hapo jaribu taa. Kamba ya taa ikigoma kuwaka wengi wanaitupa, wakati mara nyingi shida ni balbu moja. Zile za kizamani zimeungwa kwa mfululizo, umeme unatoka balbu hii kwenda ile, kwa hiyo moja ikilegea kipande kizima kinazima. Chomoa waya kwenye soketi kwanza. Kisha pita balbu moja moja unaikandamiza kwa kidole iingie vizuri kwenye kitako chake, tafuta iliyoungua ambayo kioo chake kina weusi kwa ndani, weka ile ya akiba (huwa zinakuja mbili tatu kwenye kifuko kidogo ndani ya boksi, usitupe kile kifuko), na kama plagi ina fyuzi icheki nayo. Ila waya uliochubuka mpaka shaba inaonekana usihangaike kuurembesha na selotepu, huo peleka kwenye taka za umeme.

Sasa je, utupe za zamani ununue za LED? Inategemea unaziwasha kiasi gani. Kamba ya balbu ndogo 100 za kizamani inakula kama wati 40, ya LED yenye idadi hiyohiyo inakula kama wati 5. Ukiwasha masaa 6 kila siku kwa siku 20, ya kwanza inamaliza yuniti 4.8 za umeme na ya pili yuniti 0.6. Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kuwasha mwezi mzima, badilisha, na LED hazichemki sana kwa hiyo hata hatari ya moto inapungua. Kama unawasha usiku wa mkesha na siku yenyewe basi, endelea na ulizonazo mpaka zife zenyewe. Vyovyote iwavyo weka taima zijizime, hasa za nje, manake mwanga wa usiku kucha unawapoteza wadudu na ndege na majirani nao wanataka kulala. Kwanza hata aliyeanzisha mambo haya, Edward Johnson aliyekuwa mshirika wa Thomas Edison, mwaka 1882 kule New York aliweka balbu 80 tu kwenye mti wake, nyekundu, nyeupe na buluu, na ilitosha kabisa kuwashangaza watu.

Hatua ya 2: Amua kuhusu mti

Huu ndo ugomvi wa kila mwaka, wa plastiki au wa kukata. Jibu fupi: kama tayari una wa plastiki, huo huo, usiuguse, utumie mpaka uanguke wenyewe. Kuutupa ili ununue wa asili kwa ajili ya mazingira ni kujizungusha tu.

Jibu refu lina namba. Shirika la Carbon Trust la Uingereza lilipiga hesabu ya mti wa mita 2. Wa plastiki unabeba kama kilo 40 za hewa ukaa, nyingi inatokana na plastiki yenyewe inayotengenezwa kwa mafuta na kazi ya kiwandani. Mti wa kukatwa ukiishia dampo unafika kama kilo 16, kwa sababu ukiozea chini ya lundo la taka bila hewa unatoa methani, gesi nyingine inayopasha dunia joto. Lakini mti huohuo ukisagwa ukatandazwa bustanini, au ukachomwa nje, unashuka mpaka kama kilo 3.5. Umeona hapo? Tofauti kati ya 16 na 3.5 haiko kwenye kununua, iko kwenye unaupeleka wapi sikukuu ikiisha. Na wa plastiki ili ulingane na huo uliosagwa inabidi uutumie miaka kama 12, ambayo kusema ukweli inawezekana kabisa kama watoto hawapandi juu yake. Kuurejeleza huo wa plastiki ndo shida, plastiki yake ya PVC imesokotwa na waya wa chuma humo ndani na hakuna anayekaa kuvitenganisha.

Basi ukiwa huna mti kabisa, mpangilio wangu ni huu. Kwanza kabisa mmea wowote ulio hai ambao tayari uko nyumbani kwenye chungu, uzungushie taa, mwisho wa stori, hakuna sheria inayosema lazima uwe msonobari. Pili, mti wa chungu wenye mizizi yake, wa kununua au wa kukodi pale wanapokodisha, ila huu una masharti: usikae ndani zaidi ya siku kumi hivi, uwe mbali na hita na jua kali la dirishani, udongo usikauke, na ukiutoa nje uuzoeshe kidogo kidogo kivulini kabla ya kuuacha kwenye jua au baridi yenyewe. Tatu, matawi yaliyoanguka au yaliyopogolewa, ukayafunga kwenye fimbo au ukayapanga ukutani yakachora umbo la mti. Nne, mti wa kukatwa kutoka shamba linalopanda tena, mti wa urefu huo unachukua kama miaka 7 mpaka 10 kukua kwa hiyo angalau aliyeukata awe ameshapanda mwingine. Wa tano ndo wa plastiki, na ukifika huko tafuta wa mtumba, upo mwingi tu kwa watu wanaohama nyumba. Kwenda msituni kukata mwenyewe bila ruhusa hakumo kwenye orodha.

Hatua ya 3: Mapambo

Yale manyoya yanayong'aa ya kuzungushia mti zamani kidogo yalikuwa na risasi, hii risasi ya metali yenye sumu, mpaka Marekani ikasitisha mwaka 1972, na ya siku hizi ni plastiki ya PVC iliyopakwa rangi ya metali, inapukutika kila mahali na hairejelezwi. Ukiwa nayo itumie, usinunue nyingine. Glita ndo usiiguse kabisa, ni chembe za plastiki zenyewe, zikishaingia kwenye maji ya kuogea ni vigumu kuzizuia, na Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza glita ya plastiki ya kumwaga kuanzia Oktoba 2023.

Badala yake fanya vipande vya chungwa vilivyokaushwa, ni rahisi na nyumba inanukia. Kata chungwa kwa upana, unene wa nusu sentimita hivi, pangusa maji kwa kitambaa, panga kwenye wavu sio kwenye trei kavu ili hewa ipite chini. Kama kuna jua kali anika siku kadhaa unageuza na kufunika na neti dhidi ya nzi. Kama ni oveni basi moto mdogo kabisa, masaa matatu au zaidi, ila usiiwashe kwa ajili ya machungwa peke yake, yaingize oveni inapoanza kupoa baada ya kupika kitu kingine, rudia kesho yake na keshokutwa. Yakishakuwa makavu na unaona mwanga unapita katikati, toboa, pitisha uzi. Baada ya sikukuu yanaenda kwenye mboji.

Vingine unavijua, vitambaa vya viraka, mbegu kavu za miti, karatasi za magazeti zilizokunjwa nyota. Kuhusu pango la Noeli watu wananunua seti za plastiki kila baada ya miaka miwili wakati Fransisko wa Asizi alipoliandaa lile la Greccio, Italia, mwaka 1223 alitumia hori lenye nyasi kavu, ng'ombe na punda wa kweli. Sikwambii ulete punda sebuleni, ila nyasi kavu na udongo wa mfinyanzi wanaouchezea watoto vinatosha.

Mishumaa: mingi ni ya parafini, inatokana na mafuta ya petroli. Maliza iliyopo. Vipande vilivyobaki viyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, weka utambi mpya wa uzi wa pamba, umepata mshumaa mwingine.

Hatua ya 4: Zawadi, hapa ndo kaa uelewane na ndugu

Chukua familia ya watu 10. Kila mtu akimpa kila mtu zawadi ni zawadi 90, piga hesabu mwenyewe, 10 mara 9. Zawadi 90 za kununua, kufunga, kubeba, na nyingi zake mtu anashukuru alafu inaenda juu ya kabati. Mkipiga kura, kila mtu akachota jina moja, zinakuwa 10, na kila mmoja anapata kitu alichokifikiria mtu kweli. Hakuna hatua nyingine humu inayopunguza vitu kwa kiasi hicho kwa dakika tano za kazi.

Ugumu sio hesabu, ugumu ni kuwaambia watu bila kuonekana bahili. Tuma mapema, Novemba ikiwezekana, kabla shangazi hajaanza kununua. Kitu kama hiki kwenye grupu la familia:

"Jamani habari zenu. Mwaka huu nilikuwa nawaza tupige kura ya zawadi, kila mtu mzima achote jina moja tu, watoto wote wapate kama kawaida. Kila mtu aandike hapa vitu viwili vitatu anavyovihitaji kweli, vya mtumba ruksa. Mnaonaje? Asiyetaka hamna neno."

Hilo neno la mtumba ruksa liandike, watu wengi wanatamani kutoa kitu kilichotumika ila wanaona aibu, wakisharuhusiwa wanapumua. Na usiwahubirie hewa ukaa kwenye ujumbe huo, utaharibu, waambie ni kupunguza usumbufu, ambayo nayo ni kweli.

Kutoa nini sasa. Vitu vinavyoisha (chakula ulichotengeneza, sabuni, asali), ujuzi wako (utamshonea, utamrekebishia baiskeli, utamkalia watoto jioni mbili, ila andika tarehe kabisa manake ahadi isiyo na tarehe haifanyiki), kulipia kitu anachokitumia tayari, au kutengeneza kitu chake kilichoharibika. Hii ya mwisho mimi naipenda kuliko zote, saa ya mtu iliyosimama miaka, wewe ukaichukua kimyakimya ukaipeleka kwa fundi, akiifungua inatembea.

Kwenye vifaa vya umeme kuwa mgumu. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa, na vile vitoi vya kuimba na kumulika vinavyokufa kabla ya Januari kuisha navyo vimo. Kama lazima kitoi kiwe na betri nunua na betri za kuchaji pamoja na chaja yake, na ukague kama kile kifuniko cha betri kina skrubu, zile betri bapa za mviringo mtoto akimeza ni hatari kubwa, hapo ni hospitali moja kwa moja.

Nguo za kufanana za familia kwa ajili ya picha... najua zinapendeza. Ila tisheti moja ya pamba inachukua kama lita 2,700 za maji kuanzia shambani mpaka inavaliwa, sasa zidisha kwa familia. Chagueni rangi moja ambayo kila mtu tayari anayo kabatini, picha inatoka vilevile.

Ukiagiza mtandaoni, kusanya vitu viwe oda moja, chagua ile dilivari ya polepole ambayo mizigo inajazwa pamoja, na uliza saizi kabla badala ya kuagiza tatu urudishe mbili.

Hatua ya 5: Kufunga zawadi

Kwa karatasi kuna kipimo cha sekunde mbili: ikunje kwenye ngumi alafu achia. Ikibaki imejikunja kuna uwezekano mkubwa ni karatasi ya kawaida, inaweza kurejelezwa ukishatoa selotepu na riboni. Ikijifungua yenyewe ina plastiki au foili, hiyo hairejelezwi, na yenye glita hairejelezwi hata ikibaki imejikunja. Kwa hiyo karatasi kaki, magazeti, kalenda ya mwaka unaoisha, ramani za zamani, vyote vinafaa, funga na uzi wa katani au pamba.

Kizuri zaidi ni kitambaa. Wajapani wana sanaa yao inaitwa furoshiki na haina ugumu wowote. Tafuta kitambaa cha mraba, skafu au kipande cha shuka, ambacho ukipima kona kwa kona kinafika kama mara tatu ya urefu wa boksi. Kitandaze kona moja ikuelekee wewe, weka boksi katikati. Kona ya karibu yako ilaze juu ya boksi na uchomeke ncha chini yake, kona ya mbele ivute ije kwako ifunike kote. Kisha shika kona mbili za pembeni, zinyooshe vizuri pasiwe na mikunjo, zipandishe katikati funga fundo, funga tena mara ya pili kwa upande wa pili ili lisifunguke. Kitambaa kinaweza kuwa sehemu ya zawadi au mkakubaliana kinarudi kwa mwenyewe, sisi kwenye familia vinazunguka na mtu asiyerudisha anajulikana.

Kadi nazo nisizipuuze. Mwingereza Henry Cole alipochapisha kadi ya kwanza ya Krismasi ya biashara London mwaka 1843 zilikuwa nakala kama 1,000 tu. Tuma chache kwa wale wazee wanaozitunza, wengine wapigie simu.

Hatua ya 6: Chakula

Hapa polepole. Kwa mujibu wa ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, mwaka 2022 walaji na wauzaji walitupa tani bilioni 1.05 za chakula, ambayo ni kama asilimia 19 ya chakula chote kilichowafikia, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani, sio hotelini wala sokoni, jikoni kwetu sisi. Kikishafika dampo kinaoza bila hewa kinatoa methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 inatega joto karibu mara 28 kuliko hewa ukaa ya kawaida kwa uzito uleule. Na hapo hatujahesabu maji, mbolea, usafiri na moto wa kukipikia.

Anza na idadi ya watu, idadi ya kweli. Piga simu siku nne tano kabla, uliza nani anakuja, na watoto wangapi, na nani hali nini. Alafu kadiria kwa mtu sio kwa sufuria: nyama mbichi isiyo na mfupa gramu 150 mpaka 200 kwa mtu mzima inatosha kabisa kama kuna vyakula vingine mezani, mtoto nusu yake. Ukijumlisha na kuona namba imetoka ndogo kuliko ulivyozoea usiogope ukaongeza mara mbili, kule kuogopa ndo kunakojaza pipa la taka. Kama unahofia wageni wa ghafla weka akiba ya kitu kikavu ambacho hakijapikwa, wakija unapika, wasipokuja kinarudi kabatini.

Pili punguza aina. Vyakula saba mezani maana yake mtu anaonja kila kimoja na kila kimoja kinabaki robo. Vinne vilivyopikwa vizuri vinaliwa vikaisha.

Tatu, nyama ya aina gani. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe inahitaji kama lita 15,400 za maji kwa wastani wa dunia, nyingi ni mvua inayootesha malisho lakini bado, na kuku kama lita 4,300. Kwenye gesi joto pia ng'ombe anaongoza kwa mbali sana kwa sababu anacheua na kutoa methani. Sikwambii usile nyama Krismasi, nitapigwa mawe, nasema ifanye nyama iwe moja badala ya tatu na vyakula vya mboga na kunde vipikwe kwa heshima ileile, sio kale kabakuli ka kabichi kalikosahaulika pembeni.

Wakati wa kupakua, acha nusu jikoni imefunikwa ikiwa moto, peleka mezani nusu, ongeza ikiisha. Kile ambacho hakijafika mezani hakijashikwashikwa na kila kijiko kwa hiyo kinahifadhika vizuri. Sahani ndogo zinasaidia, mtu anarudi kuongeza badala ya kujaza mlima akaushindwa.

Mabaki yana sheria zake na hizi sio za mazingira tu, ni za tumbo:

Yasikae nje zaidi ya masaa mawili baada ya kuiva, na kama kuna joto kali iwe saa moja. Gawa kwenye vyombo vipana visivyo na kina ili yapoe haraka, sufuria kubwa nzima ikiingia kwenye friji katikati inabaki vuguvugu masaa mengi na bakteria wanafurahi. Friji iwe chini ya nyuzi 5. Kula ndani ya siku tatu au nne, usichoweza kumaliza gandisha siku hiyohiyo na uandike tarehe juu. Ukipasha, pasha mpaka moshi utoke kote, na upashe kile tu utakachokula.

Waambie wageni waje na vyombo vyao vyenye vifuniko. Liseme wazi kwenye mwaliko, wala sio ushamba, mwenye nyumba anapata nafuu na mgeni halii njaa kesho yake. Mifupa ichemshe supu. Maganda na mabaki ya mboga mboji.

Vyombo vya kutupa je? Sahani za karatasi nyingi zimepakwa plastiki kwa ndani ndo maana mchuzi hauvuji, kwa hiyo hazirejelezwi wala haziozi vizuri. Azima kwa majirani au kodi, weka alama ya uzi kwenye vijiko vya kila nyumba msije mkagombana, na mpange zamu ya kuosha kabla watu hawajashiba, wakishashiba hupati mtu. Vinywaji weka kwenye majagi na madumu badala ya chupa ndogondogo za plastiki, na kila mtu aandike jina kwenye kikombe chake kwa kipande cha karatasi la sivyo mtu mmoja anatumia vikombe sita.

Hatua ya 7: Safari

Kwenye bajeti ya hewa ukaa ya sikukuu, ndege moja inaweza kufuta mazuri yote uliyoyafanya kwenye hatua zilizopita, ndo ukweli ulivyo. Kama treni au basi linafika, panda hilo. Kama ni gari, lijaze, ulizaneni kwenye grupu nani ana siti, gari lenye watu wanne linagawa mafuta yaleyale kwa wanne. Kama hakuna namna ila ndege, nenda mara moja ukae muda mrefu badala ya kwenda na kurudi mara mbili. Na kabla ya kutoka chomoa vifaa vyote vya umeme isipokuwa friji, maliza vinavyooza au wape majirani.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Weka maboksi matatu mahali watu wanapofungulia zawadi, la karatasi safi, la vya kutumia tena (riboni, mifuko, vitambaa, maboksi magumu) na la takataka kweli. Usipoweka kabla, vyote vinasombwa kwenye mfuko mmoja mweusi. Maputo usiyarushe angani, na zile taa za karatasi zenye moto za kupeperusha usiziguse, zinaweza kutua popote zikiwa bado zinawaka. Fataki nazo, rangi zile nyekundu na kijani zinatokana na metali za strontiamu na bariamu, zinabaki hewani na kwenye maji, na mbwa wanateseka, mimi ningeziacha tu.

Hatua ya 9: Januari

Mti wa kukatwa vua kila kitu, waya, uzi, mapambo, kisha uliza kama sehemu unapoishi kuna wanaokusanya miti ya kusaga. Kama hakuna, katakata matawi mwenyewe utandaze chini ya mimea yanatunza unyevu. Kuuchoma ndani kwenye tanuri la kuotea moto usifanye, utomvu unalipuka cheche na kupaka masizi ya kuwaka kwenye bomba la moshi. Na kamwe usichome karatasi za foili, manyoya ya plastiki au kipande cha mti wa PVC, moshi wake una tindikali ya hidrokloriki na sumu zinazoitwa dayoksini.

Mboji iliyojaa maganda ya sikukuu itanuka kama hujaongeza vikavu, kwa kila ndoo ya maganda weka ndoo mbili tatu za majani makavu au maboksi yaliyochanwachanwa bila selotepu, geuza kila wiki. Betri usizitupe kwenye pipa la kawaida, za lithiamu zikibanwa ndani ya lori la taka zinawaka moto, ziweke kwenye chupa kavu mpaka upate pa kuzipeleka. Zawadi uliyopata usiyoihitaji mpe mtu Januari hiyohiyo ikiwa bado mpya kwenye boksi, usingoje miaka mitatu ya aibu, ila bandika kikaratasi cha nani alikupa usije ukamrudishia mwenyewe.

Taa kata kipande cha boksi gumu, toa pengo kila upande, zungushia kamba humo kuanzia upande usio na plagi ili plagi ibaki nje uweze kuijaribu mwakani bila kukunjua. Na kabla hujafunga lile boksi la mapambo, chukua karatasi andika tulikuwa watu wangapi, tulipika kilo ngapi za nini, nini kilibaki na nini kiliisha mapema, iweke juu kabisa, mtu wa kwanza kufungua boksi Novemba aikute.